Waswasi: Maradhi ya Kuuliza Bila Kutosheka

Kuuliza si ujinga. Wazee wetu wametuachia neno hilo, na dini yetu nayo yatuamrisha tuwaulize wenye kujua pale tusipojua. Mtu aliyetatizwa na jambo humwendea mwenye elimu, akaeleza, akajibiwa, kisha akarudi kwake na moyo uliotua. Swali limekwisha kazi yake, na kazi nyingine za dunia na Akhera zaendelea.

Lakini iko namna nyingine ya kuuliza, na hiyo ndiyo tunayotaka kuwaeleza wasomaji wetu mwezi huu. Ni kule kuuliza ambako jawabu halimalizi swali. Muulizaji hujibiwa saa nne za asubuhi, akafurahi. Kufika adhuhuri furaha imeyeyuka, na swali lile lile limerudi limevaa nguo nyingine. Akauliza tena, akajibiwa tena, na jioni akawa ndani ya shaka kubwa kuliko ya asubuhi. Huyu hatafuti elimu, kwani elimu anayo tayari. Atafuta utulivu, na kila auchukuapo humponyoka mkononi kama maji.

Hali hii wanazuoni wetu waliijua tangu kale, wakaiita waswasi. Neno hilo ndilo lililozaa neno letu la Kiswahili, wasiwasi; ila katika mazungumzo yetu wasiwasi umekuwa hofu yoyote ya moyoni, hali waswasi ni jambo mahsusi zaidi. Madaktari wa leo nao wanayajua maradhi haya. Kwa hesabu zao, katika kila watu 100, kati ya mmoja na watatu hupatwa nayo wakati fulani wa maisha yao, wanaume kwa wanawake, na aghalabu huanza katika ujana. Basi katika msikiti wa Ijumaa wenye waumini 200, haielekei kuwa hayumo hata mmoja.

SHAKA YA KAWAIDA NA SHAKA YA MARADHI

Hapana mwanadamu asiyepatwa na shaka. Mtu hutoka nyumbani, akafika njiani, akajiuliza kama amefunga mlango. Hurudi, akautazama, akaenda zake. Hiyo ni hadhari, wala si maradhi.

Mwenye maradhi hurudi mara kumi. Mlango auona umefungwa, mkono wake waligusa kufuli, na bado moyo wamwambia: huenda hukuona vizuri. Hali kadhalika katika ibada. Mtu hutawadha, akafika kwenye miguu, akajiambia kuwa uso haukuenea maji, akaanza upya. Hufunga sala, akaona nia haikukaa sawasawa na takbira. Akaifungua sala na kuifunga tena, hata imamu akarukuu naye bado yu katika takbira ya kwanza. Mwingine hujiwa na mawazo machafu juu ya Mwenyezi Mungu au juu ya watoto wake, mawazo ambayo yeye mwenyewe ayachukia kupita kiasi, kisha akashika kuuliza: je, mimi si Mwislamu tena?

Alama za maradhi ni tatu. Kwanza, wazo huja bila kuitwa, tena huja likimchukiza mwenyewe. Pili, huona hana budi kutenda jambo ili apate nafuu: kunawa, kurudia, kukagua, au kuuliza. Tatu, kutenda huko humla muda wake, saa nzima kwa siku au zaidi, kukamharibia sala, kazi na nyumba.

Msomaji atazame kwamba kuuliza tumekuweka pamoja na kunawa na kukagua. Watu wengi hawalijui hili. Wamwonapo mtu anawa mikono mara hamsini, husema huyu ni mgonjwa. Wamwonapo aulizia hukumu moja mara hamsini, husema huyu ni mcha Mungu. Walakini mzizi ni mmoja.

SWALI LILILOKUWA NA SAFARI, NA SWALI LISILO NA SAFARI

Wasomaji wetu wa Karagwe na Kyerwa wanakumbuka katika masimulizi ya wazee kwamba Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo cha biashara huko Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya Mukama Rumanyika. Mwingereza Speke alifika kwa mfalme huyo mwaka 1861, naye Stanley alikuwako mwaka 1876. Zama hizo Mwislamu wa Kafuro aliyetaka fatwa isiyojulikana na wenzake hakuwa na njia ila kungoja msafara wa kwenda Tabora, na pengine pwani. Jawabu lilichukua miezi. Na lilipofika, lilikuwa moja.

Leo mambo yamegeuka. Tangu Kayanga hadi Omurushaka, tangu Nkwenda hadi Kaisho na Murongo, kijana ana simu janja mfukoni na bando la shilingi chache. Huandika swali lake saa nane za usiku, na kabla hajavuta pumzi mara mbili amepata majawabu mia. Kwa mtu mzima wa moyo, hii ni neema. Wangapi wamejifunza Qurani kwa njia hii, wangapi wamesikiliza darasa za masheikh wa Unguja na Mombasa wakiwa katika migomba yao! Hatuulaumu mtandao kwa kuwa ni mtandao.

Lakini kwa mwenye waswasi, jambo hilo hilo ni kisima kisicho na kifuniko. Natufanye mfano. Tuseme yuko kijana mkulima wa kahawa, ana mke na mtoto mchanga. Siku moja wamegombana kidogo juu ya fedha za mavuno, na neno la talaka likapita katika fikira zake, halikufika ulimini. Akaogopa. Akamwendea imamu wa msikiti wao, akamweleza. Imamu akamwambia: "Mwanangu, lililopita moyoni bila kutamkwa si talaka. Rudi kwa mkeo." Maneno hayo ni ya haki, katika hadithi sahihi Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa umma wake umesamehewa yanayopita nafsini maadamu hawakuyasema wala kuyatenda.

Kijana akarudi amepata faraja. Usiku akajiuliza: je, ikiwa ulimi ulitikisika kidogo nami sikujua? Hakuthubutu kumgongea imamu usiku, basi akaichukua simu. Ukurasa wa kwanza ukampa jawabu la madhehebu ya Shafi, wa pili la Hanafi, wa tatu la mtu asiyejulikana amesoma wapi. Mmoja ulisema neno lililomtuliza. Mwingine ulitaja sharti ambalo hakupata kulisikia. Akaandika kwa masheikh watatu wa WhatsApp, kila mmoja kwa maneno tofauti kidogo, kisha akakaa kulinganisha majibu. Kulipokucha akamwuliza mkewe: "Mama Fulani, siku ile hukunisikia nikisema neno?" Mke akasema la. Adhuhuri akamwuliza tena. Mwezi haujaisha, kijana analala chumba cha peke yake kwa kuogopa zinaa na mke wake wa halali, mke amekonda kwa huzuni, na wakwe wameanza kuuliza kulikoni. Hapana talaka iliyotoka, na nyumba inakaribia kuvunjika.

Zamani mwenye kujibu alikuwa mtu, mwenye macho. Aliporudiwa mara ya tatu alimtambua mwuliza, akamwambia: nenda ukasali, usirudi na swali hili. Simu haina macho hayo. Na siku hizi zimekuja mashine za akili mnemba ambazo huzungumza na mtu kama mwenziwe. Hazichoki, hazikunji uso, na aghalabu hazisemi "hili umeniuliza jana". Mtu aweza kuziuliza swali moja mara mia kwa usiku mmoja, nazo zikamjibu kwa upole mara mia.

KWA NINI JAWABU HALITULIZI

Twaweza kuulizwa: ikiwa mtu ana hofu, na jawabu lamwondolea hofu, ubaya uko wapi?

Ubaya uko katika yale anayojifunza moyo. Hofu ya waswasi ni kama mbwa aliyezoezwa kulishwa mezani. Ukimtupia mfupa atanyamaza, na kesho atabweka mapema zaidi. Kila mara mtu apatapo nafuu kwa kuuliza, nafsi hujifunza mambo mawili: kwamba ile shaka ilikuwa hatari ya kweli, na kwamba njia ya kuokoka ni kuuliza. Hajifunzi lile la tatu ambalo lingemponya, yaani kwamba shaka ingeliachwa tu, ingelipanda, ikasimama, kisha ikashuka yenyewe.

Tena mwenye waswasi anataka kitu ambacho hakipatikani duniani, nacho ni yakini isiyo na hata chembe ya "huenda". Nani kati yetu ana yakini ya namna hiyo? Tunakula bila kuapa kuwa chakula hakina sumu, tunalala bila kuthibitisha kuwa paa halitaanguka. Mwenye afya huridhika na dhana yenye nguvu akaendelea na maisha. Sharia nayo haikutudai zaidi ya hapo.

HOFU ZA MARADHI KATIKA KAGERA

Si mambo ya ibada pekee. Mkoa wetu umeonja misiba ya kweli. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa hapa Kagera. Mwezi wa Machi 2023 homa ya Marburg ilitangazwa katika Wilaya ya Bukoba Vijijini, watu 9 wakahesabiwa kuugua na 6 wakafa. Na Januari 2025 ikatangazwa tena huko Biharamulo, wakahesabiwa 10, na wote walifariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Watu walioyaona hayo hawawezi kulaumiwa kwa kuogopa, na kunawa mikono wakati wa maradhi ya kuambukiza ni wajibu.

Lakini hadhari ina mpaka, na waswasi hauna. Kunawa kwa sabuni na maji safi kwa muda usiozidi dakika moja kwatosha. Anayenawa hata ngozi ikachubuka amekwisha kuvuka mpaka. Kipimo cha virusi vya UKIMWI kilichofanywa baada ya miezi 3 tangu siku ya hatari, bila ya hatari nyingine mpya, chatosha. Anayekwenda zahanati ya tano kupimwa tena, kisha akashinda usiku akisoma dalili katika simu, hatafuti habari ya damu yake. Anatafuta dakika kumi za amani, na atazilipia kwa siku nzima ya mashaka.

WALIVYOSEMA WANAZUONI

Yapasa tujue kuwa ukali wa kujitesa katika tohara si uchaji. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo ni kama thuluthi mbili za lita, na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano. Na wengi wa watu wa Karagwe na Kyerwa wanajua uzito wa dumu la maji linalopandishwa kichwani kutoka bondeni. Mwenye kumaliza dumu zima kwa udhu mmoja, na hali binti wa nyumba ndiye aliyeliteka, na afikiri ni nani anayebeba mzigo wa waswasi wake.

Kadhalika Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya mtu anayedhani kuwa udhu umemtoka ndani ya sala. Akaelekeza kwamba asiiache sala mpaka awe na hakika kwa kusikia au kunusa. Kutokana na mafundisho kama hayo wanazuoni wakatoa kanuni kubwa ya fikihi: yakini haiondolewi na shaka. Na masahaba walipomshitakia mawazo yanayowajia ambayo hata kuyatamka waliona makubwa, hakuwaambia kuwa wamekufuru. Aliwaambia kuwa kule kuyachukia ndiko imani yenyewe.

Wanazuoni waliokuja baadaye waliandika vitabu maalumu juu ya jambo hili. Abu Muhammad al-Juwayni, imamu wa Kishafi aliyefariki mwaka 1047, aliandika. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 1223, aliandika kuwalaumu wenye kuufuata waswasi. Wamaliki wana jina mahsusi kwa mtu ambaye shaka humjia kila siku, na hukumu yao kwake ni kuipuuza shaka hiyo. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi aliyekaa Makka katika karne ya 16, alipoulizwa dawa ya waswasi, jawabu lake lilikuwa kwamba dawa ni moja, nayo ni kuupa mgongo moja kwa moja, hata kama moyoni mna kusitasita. Alieleza kuwa anayeupuuza hautakaa kwake, na anayeusikiliza utamzidi.

Na kabla ya hao wote alikuwako Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934. Katika kitabu chake juu ya maslahi ya miili na nafsi aliyagawa maradhi ya nafsi katika mafungu manne: ghadhabu, hofu, huzuni, na waswasi. Alilitenga fungu hili la mwisho peke yake, na mwaka 2015 watafiti Rania Awaad na Sara Ali walionyesha katika jarida la madaktari jinsi maelezo yake yanavyokaribiana na yale ya tiba ya leo.

WANAVYOSEMA MADAKTARI

Mwaka 1966 mwanasaikolojia mmoja wa London, Victor Meyer, alieleza habari za wagonjwa wawili waliokuwa wakirudia matendo yao bila kikomo. Badala ya kuwapa maneno ya kuwatuliza, aliwakabilisha na yale wanayoyaogopa huku wakizuiwa kutenda yale matendo. Walipata nafuu kubwa. Kutoka hapo ikakua tiba ambayo leo ndiyo ya mbele duniani kwa maradhi haya: mgonjwa huikabili shaka yake hatua kwa hatua, na hajikingi nayo kwa kunawa, kukagua wala kuuliza. Msomaji na alinganishe na jawabu la Ibn Hajar, ataona jinsi njia mbili zilivyokutana.

Asidhani mtu kuwa tiba hii yamtaka Mwislamu asali bila udhu. La. Yamtaka atawadhe mara moja kama watu wote, afunge bomba au aliweke kopo chini, aende akasali na shaka yake ikimsuta, asirudi. Zipo dawa pia, kama fluoksetini, ambazo husaidia wengi. Huchukua wiki 8 hadi 12 kabla nguvu yake haijaonekana vizuri, hazilewi, wala haifai kuziacha ghafla bila shauri la daktari.

Mwenye kutaka msaada na aanzie hospitali iliyo karibu naye, kama ile ya Nyakahanga, au vituo vya afya vya wilaya, aeleze waziwazi bila haya. Akihitajiwa kwenda mbele, iko hospitali ya rufaa ya mkoa Bukoba, na Bugando huko Mwanza. Tunajua kuwa Bukoba ni mbali kwa mtu wa Kaisho, na nauli si jambo dogo. Ndiyo maana kazi ya nyumbani ni kubwa.

WAJIBU WA NYUMBA NA WA IMAMU

Watu wa nyumbani hujibu kwa huruma, na huruma hiyo hulisha maradhi. Lakini kunyamaza kwa ukali nako kwaumiza. Njia iliyo bora ni kukubaliana naye wakati ametulia, kwamba swali la waswasi litajibiwa mara moja tu. Likirudi, mke na aseme kwa upole: "Baba Fulani, huo ni waswasi, nasi tulikubaliana nisiujibu. Najua wakuumiza. Njoo tukapalilie." Asimwite kafiri wala mwendawazimu, wala asimcheke mbele ya watoto.

Imamu naye afanye vivyo hivyo. Amjibu mara moja, kwa neno fupi, kisha amwambie kuwa fatwa yake sasa ni kutouliza, na kwamba akikosea kwa kufuata shauri hilo hana lawama. Mwenye waswasi achague mwanachuoni mmoja wa karibu anayemjua kwa uso, na aache kuzunguka kwa masheikh kumi. Hata kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na Shetani, ambako tumefundishwa, akufanye mara moja aendelee na kazi. Akikurudia mara mia mpaka ahisi vizuri, waswasi umegeuza kinga kuwa silaha yake. Kisomo cha Qurani ni kheri na rehema, ila kisiwe sababu ya kumzuilia mtu hospitali.

Kuhusu simu, hatusemi itupwe. Mwenye maradhi aiweke nje ya chumba usiku, afute mazungumzo ya zamani anayoyasoma tena na tena, na ajapo kutaka kutafuta, aahirishe kwa robo saa, kesho kwa nusu saa, kesho kutwa asitafute kabisa. Siku za kwanza zitakuwa ngumu. Hofu itapanda kama anayepanda mlima, kisha itashuka, na kila siku mlima utakuwa mfupi kidogo.

Jambo moja halingoji. Mgonjwa akisema anataka kufa, au mama aliyejifungua akianza kusikia sauti au kuamini kuwa yampasa kumdhuru mwanawe, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Huyo si sawa na mama anayejiwa na wazo baya akaliogopa na kulilia. Wa pili ahitaji kuhurumiwa na kutibiwa, na asinyang'anywe mtoto wake.

Ndugu wasomaji, dini yetu ni nyepesi, na Mola wetu hakutuwekea uzito katika dini. Aliyetawadha mara moja amekwisha tawadha. Aliyesali amekwisha sali. Yule kijana wa mfano wetu hakumwacha mkewe, wala hahitaji jawabu jingine. Ahitaji kurudi chumbani kwake leo usiku, na shaka yake ingali hai, amchukue mtoto wake mikononi, na kuiacha simu barazani. Mwenyezi Mungu awaponye wote waliopatwa na maradhi haya, na awape subira wale wanaokaa nao. Amin.